Mtoto wa Mvukuto

Eugène Christophe alikuwa amejifunza ufundi wa makufuli kabla hajawa mwendesha baiskeli wa kulipwa, na Julai 1913 ufundi huo ndio uliomwokoa. Alikuwa anashuka mlima Tourmalet, kwenye milima ya Pyrenees, katika Tour de France, akiwa na matumaini ya kweli ya kushinda mashindano yote, pale foku ya baiskeli yake ilipokatika. Sheria za siku zile hazikuwa na huruma: hupewi baiskeli nyingine, husaidiwi na mtu. Basi akaitia baiskeli begani, akateremka kwa miguu kilomita zipatazo kumi mpaka kijiji cha Sainte-Marie-de-Campan, akatafuta karakana ya mhunzi, akaiunga foku kwa mikono yake mwenyewe huku wasimamizi wa mashindano wamesimama wanamtazama. Ilimchukua saa kadhaa. Shida ni kwamba binadamu ana mikono miwili tu, mmoja wa kushika chuma na mwingine wa kushika nyundo. Mvukuto wa kuchochea moto ukavukutwa na mtoto wa pale kijijini. Kwa kosa hilo la kusaidiwa na mtoto, Christophe akaongezewa dakika za adhabu.

Kisa hiki wapenzi wa Tour wanakijua vizuri. Pale kijijini kipo hata kibao cha ukumbusho. Kinachosahaulika ni kwamba Christophe hakujifunza kubeba baiskeli siku ile. Kati ya 1909 na 1921 alikuwa bingwa wa Ufaransa mara saba katika mchezo mwingine, mchezo wa miezi ya baridi, ambamo kubeba baiskeli si ajali bali ni sehemu ya mashindano. Nitauita saiklokrosi, na nikichoka nitasema krosi tu, kama wasemavyo watu wa huku Ghent ninakoishi.

Nilipojaribu kumweleza mjomba wangu wa Tanga kwa simu, mazungumzo hayakuwa marefu.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, baba. Nasikia siku hizi Jumapili zako zinaishia kwenye matope."

"Ndiyo, mjomba. Ni mbio za baiskeli. Wakifika mahali pabaya wanashuka, wanaiweka begani, wanapanda nayo kilima mbio, halafu wanairukia tena."

"Baiskeli nzima?"

"Nzima, mjomba."

"Sasa kama unaibeba wewe, uliinunua ya nini?"

Mjomba amenyonga Phoenix maisha yake yote, nazi zikiwa nyuma kwenye keria. Kwake yeye baiskeli ndiyo inayobeba, mtu ndiye anayebebwa, na asiyejua hilo hana haja ya kuwa na baiskeli. Swali lake ni la haki. Naona ndilo swali ambalo mchezo huu umekuwa ukilijibu kwa zaidi ya miaka mia moja, ila jibu linabadilika kila baada ya kizazi.

Jina linalotajwa mwanzoni kabisa ni la Daniel Gousseau, askari wa Ufaransa. Inasimuliwa kwamba alikuwa akipita msituni kwa baiskeli sambamba na wenzake waliopanda farasi, akaona raha yake, akaanza kuwaalika marafiki. Mwaka 1902 akaandaa mashindano ya kwanza ya ubingwa wa Ufaransa. Uangalie mwaka huo, msomaji, maana Tour de France yenyewe ilianza 1903. Yaani mbio za matope zilipata bingwa wa taifa kabla Tour haijazaliwa, ingawa ukisoma vitabu vingi vya baiskeli utadhani krosi ni mtoto wa nje, kaletwa nyumbani usiku.

Watu wa barabarani waliifuata kwa sababu nyepesi tu, baridi. Ukinyonga barabara ya wazi mwezi Desemba, upepo unakukata vidole. Msituni unakwenda polepole, unashuka, unakimbia, unapanda tena, na damu inachemka. Octave Lapize aliposhinda Tour ya 1910, ambayo ilikuwa ya kwanza kuvuka vilele virefu vya Pyrenees, watu waliyahusisha mafanikio yake na mazoezi yake ya krosi, na mchezo ukapata sifa. Baada ya hapo mambo yalikwenda. Mwaka 1924 Paris kukawa na mashindano ya kimataifa. Mwaka 1950, Paris tena, ukafanyika ubingwa wa kwanza wa dunia na ukachukuliwa na Jean Robic, mtu mfupi, mkaidi, aliyekuwa ameshinda Tour ya 1947. Mfaransa André Dufraisse akatwaa mataji matano mfululizo, 1954 hadi 1958. Akaja Mtaliano Renato Longo, naye akapata matano. Halafu, kuanzia katikati ya miaka ya sitini, mchezo ukahamia Flanders, na mpaka leo haujafungasha virago.

Kwa nini Flanders? Jibu la kawaida ni udongo na mvua, na si uongo: tope la huku ni zito, linanata, likishika fremu halibanduki kwa maneno mazuri. Lakini mimi naipa uzito zaidi kalenda. Tarehe 1 Novemba ni sikukuu ya Watakatifu Wote. Asubuhi watu wanapeleka maua makaburini, mchana wanapanda Koppenberg, kilima cha mawe karibu na Oudenaarde, kutazama mbio. Tarehe 11 Novemba, ukumbusho wa kusitishwa kwa Vita vya Kwanza vya Dunia, ni zamu ya Niel, siku ya soko lao la mwaka. Kati ya Krismasi na mwaka mpya kuna mbio karibu kila siku, na Januari mosi watu wanaamka na vichwa vizito wanakwenda Baal. Krosi haikuomba nafasi kwenye kalenda ya watu. Iliingia kwenye sikukuu zilizokuwepo tayari, ikakaa katikati ya hema la bia na kikaango cha chipsi. Mtu wa Makunduchi haulizi kwa nini anakwenda Mwaka Kogwa, na huku ni hivyo hivyo: ukimuuliza Mbelgiji kwa nini anasimama saa tatu kwenye mvua, anakutazama tu.

Koppenberg yenyewe ina historia yake. Mteremko wake mahali pengine unafika asilimia 22, na umetandikwa mawe. Katika mashindano ya barabarani ya Flanders ya mwaka 1987, Jesper Skibby wa Denmark alianguka pale akiwa mbele peke yake, na gari la mkurugenzi wa mashindano likapita juu ya baiskeli yake wakati yeye mwenyewe amelala pembeni. Kilima kikaondolewa kwenye mashindano hayo mpaka 2002. Watu wa krosi hawakukiacha. Unaweza kusema ndio walioilinda Koppenberg wakati wakubwa wa barabarani wanaiogopa.

Mfalme wa Flanders katika mchezo huu ni Eric De Vlaeminck, mtoto wa Eeklo. Alikuwa bingwa wa dunia mwaka 1966, akalikosa taji 1967, halafu akalichukua kila mwaka kuanzia 1968 hadi 1973. Mataji saba. Mdogo wake Roger, aliyeshinda Paris–Roubaix mara nne, naye alipata moja la krosi mwaka 1975. Mataji saba ya Eric yalikaa peke yake kwa zaidi ya nusu karne mpaka Mathieu van der Poel wa Uholanzi alipoyafikia mwaka 2025. Magazeti yanapenda hesabu hiyo. Hayapendi sana upande wa pili: De Vlaeminck alitibiwa uraibu wa dawa za kusisimua mwili, akainuka, akawa kocha wa taifa kwa miaka mingi, na mwaka 1993 mwanawe Geert alikufa kwa mshtuko wa moyo akiwa kwenye mbio za krosi. Eric alifariki mwaka 2015. Ninapomwona kwenye picha za zamani amebeba baiskeli begani, uso umejaa tope, siwezi tena kuitazama picha hiyo kama picha ya ushindi.

Tim Krabbé aliandika riwaya ya *De Renner*, 1978, kuhusu mbio moja tu ya barabarani kusini mwa Ufaransa, na wasomaji wa baiskeli wanaiheshimu kama msahafu. Bado nangoja mtu aandike ya namna hiyo kuhusu krosi. Angeanza na bega.

Au labda amechelewa, maana bega linaondoka. Sheria za leo zinataka sehemu kubwa mno ya njia iwe ya kuendeshwa, asilimia 90. Vizuizi vya mbao, ambavyo wazee walivishukia na kuvikimbilia baiskeli mkononi, visizidi sentimita 40, na Sven Nys, aliyekulia kwenye baiskeli ndogo za BMX, akaonyesha kwamba unaweza kuviruka bila kushuka. Nys alishinda Koppenberg mara tisa. Baada yake kila kijana anataka kuruka. Breki za diski zikaruhusiwa mwaka 2010, matairi yakaboreshwa, na mahali ambapo De Vlaeminck angetembea leo watu wanapita wamekaa. Yapo bado matuta ya mchanga wa Koksijde na kuta za tope za Namur, ambako hata bingwa wa dunia anashuka. Ila kwa jumla, mjomba angeridhika: baiskeli inambeba mtu.

Mzigo haukupungua lakini. Ulihama.

Kila njia ya krosi ina kituo cha kubadilishia baiskeli, uzio mrefu ambao wasaidizi wanasimama nyuma yake. Mpanda baiskeli anaingia na baiskeli iliyobeba kilo za tope, anaiachia, anairukia nyingine safi, anaondoka. Msaidizi anaikimbiza ile chafu kwenye mashine ya maji, anaiosha, anaipaka mafuta kwenye cheni, anarudi mbio kabla mtu wake hajamaliza mzunguko. Siku ya tope baya jambo hilo linafanyika kila mzunguko, pengine mara mbili kwa mzunguko, kwa karibu saa nzima. Wakubwa wana baiskeli tatu au nne na watu kadhaa. Kwa hiyo mchezo uliozaliwa zama zilezile Christophe alipoadhibiwa kwa mvukuto wa mtoto, leo unashinda au unashindwa kwa mikono ya wasaidizi, na hakuna anayeona ajabu. Sheria moja tu imebaki ya kizamani: huruhusiwi kubadilisha baiskeli popote isipokuwa kituoni. Tairi likipasuka mita chache baada ya kukipita, ni lako wewe na bega lako mpaka utakapokifikia tena.

Mimi ni msaidizi. Klabu yetu ni ndogo, ya vijana wa vijiji vya nje ya Ghent, na kuanzia mwisho wa Septemba hadi baridi inapokaza nasimama kwenye kituo, buti za mpira miguuni, naosha. Sijawahi kushindana. Jirani aliniomba msimu mmoja nimshikie gurudumu mwanawe, na gurudumu hilo sijaliachia.

Kituo ndicho mahali ambapo mchezo huu unaficha siri zake. Januari 2016, Zolder, katika ubingwa wa dunia, wakaguzi walipima baiskeli moja kituoni, wakakuta mota imefichwa ndani ya fremu. Ilikuwa ya kundi la Femke Van den Driessche, msichana wa Kibelgiji wa miaka 19. Alisema ni ya rafiki, imeletwa pale kwa bahati mbaya. Alifungiwa miaka sita. Kilichoniuma mimi ni kitu ambacho wengi hawakukitaja: zilikuwa mbio za kwanza kabisa za dunia kwa wanawake walio chini ya miaka 23. Mlango umefunguliwa siku ile ile, na habari pekee iliyotoka nje ni ile ya mota. Jina la Evie Richards wa Uingereza, aliyeshinda, lilikwenda pembeni.

Na mlango wenyewe ulikuwa umechelewa kufunguliwa. Wanaume walipata ubingwa wa dunia mwaka 1950. Wanawake walisubiri mpaka 2000, kule Sint-Michielsgestel, Uholanzi, alipotawazwa Hanka Kupfernagel wa Ujerumani. Nusu karne nzima. Marianne Vos amechukua mataji manane tangu hapo, idadi ambayo Eric De Vlaeminck hakuifikia, na bado ukiuliza kwenye hema la bia nani mkubwa wa krosi watakutajia Eric. Nimeshauliza.

Ukiosha matairi mchana kutwa, mawazo yanatembea. Tairi la krosi kisheria halizidi milimita 33 kwa upana, na linajazwa upepo kidogo sana ili lishike ardhi. Limetokana na tairi la upepo la Dunlop, Belfast, 1888, na hilo ndilo lililoifanya baiskeli ya miaka ya 1890 kuwa kitu cha watu wengi badala ya kifaa cha kuvunjia mifupa. Ulaya nzima ikataka mpira. Mpira ukatoka, pamoja na kwingineko, katika Kongo ya Leopold II, ambako watu walilazimishwa kuuchuma msituni kwa bunduki na mijeledi, na wake zao kushikwa mateka mpaka kilo zitimie. Ripoti ya Roger Casement ilitoka 1904, miaka miwili baada ya mbio za Gousseau. Leopold alinyang'anywa Kongo 1908, mwaka mmoja kabla Christophe hajaanza kukusanya mataji yake ya matope. Siwezi kusema tairi gani lilitoka kwa nani, na sina nia ya kuwaharibia watu Jumapili yao. Ila mji wa Ghent wenyewe uliiondoa sanamu ya Leopold bustanini mwezi Juni 2020, kwa hiyo si mimi peke yangu ninayekumbuka. Na ukiniuliza nani alibeba nini ili mchezo huu uwepo, siwezi kuanza hesabu kwenye bega la Christophe. Walikuwepo watu waliobeba kabla yake, na vikapu vyao havikuwa na kibao cha ukumbusho.

Turudi kwenye klabu. Msimu huu wa vuli tuna vijana sita. Wanne wana baiskeli mbili mbili, wazazi wamejikamua. Wawili wana moja moja. Mmoja wa hao ni msichana wa miaka 15, na kwa maoni yangu ndiye mwenye kipaji kuliko wote. Anajua kushuka baiskeli ikiwa bado inakwenda, hatua mbili tu, mkono chini ya fremu, begani, huyo. Kitu hicho hakifundishiki kwa maneno. Kwenye njia kavu za Septemba alimaliza mara mbili katika watatu wa kwanza. Oktoba mvua ikaja. Wenzake wakaanza kuingia kituoni kila mzunguko kuchukua baiskeli safi, yeye akaendelea na ileile, gia zimejaa majani na udongo, cheni inaruka. Akashuka nafasi ya tisa, halafu ya kumi na nne. Mimi nasimama na mpira wa maji mkononi, sina cha kuosha, kwa sababu baiskeli yake pekee iko chini yake.

Kuna mzee mmoja wa klabu, mstaafu wa kiwanda cha nguo, ambaye anaona hakuna tatizo hapo. Zama zake, anasema, kila mtu alikuwa na baiskeli moja na asiyeweza alikwenda nyumbani. Namheshimu sana mzee huyu. Ndiye aliyenifundisha kusikia cheni ikilalamika kabla haijakatika. Lakini hoja yake ina tundu. Baiskeli moja ni haki pale wote wanapokuwa na moja. Wale wasimamizi wa 1913 angalau walikuwa na ukatili wa usawa: kila mtu alikatazwa mvukuto. Sisi tumeruhusu mvukuto, halafu tukaacha kila mtoto aje na wa kwao.

Alhamisi iliyopita tulikutana, tukakubaliana kununua baiskeli moja ya akiba ya klabu, iliyotumika, ya fremu ya alumini. Bei yake inazidi ya gari kuukuu ninaloendea kazini, lakini mfuko wa klabu, mauzo ya keki na mchango wa wazazi vitatosha. Mzee alipiga kura ya hapana, halafu akatoa mchango mkubwa kuliko wetu sote, ndivyo alivyo. Kilichotushinda kukubaliana ni jambo dogo ambalo si dogo. Huyo msichana na yule mwenzake wa pili ni wa umri mmoja, na katika mbio za vijana wa umri wao wavulana na wasichana wanaanzishwa kwa kupishana dakika chache tu, wako njiani wote kwa pamoja. Miili yao inakaribiana, tandiko likipandishwa kidogo baiskeli inawafaa wote wawili. Sasa wakiingia kituoni mzunguko mmoja, wote na matope, nimpe nani?

Wengine walisema anayetangulia kufika. Mwenyekiti akapendekeza kupokezana, Jumapili hii huyu, ijayo yule. Msichana mwenyewe, alipoulizwa, alisema apewe mwenzake kwenye tope na yeye aachiwe mchanga, maana kwenye mchanga baiskeli ya pili haisaidii sana na yeye anapenda kubeba. Mkutano ukaahirishwa. Jumapili ni zamu ya njia ya mashambani kaskazini mwa mji, mvua imetabiriwa kuanzia Ijumaa, na baiskeli tumeshaichukua, iko barazani kwangu, tandiko lake bado halijapimwa kwa mtu yeyote.